Barua ya Ijumaa Jioni

Duke, tarishi wa ofisi ya mji, alifika kwenye kanisa la Wasabato la Riamachogu Ijumaa moja ya mwezi wa nane, jioni, barua mkononi na kitabu cha kupokelea barua kwapani. Alimkuta Omwenga, karani wa kanisa, akifunga madirisha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima, ingawa mwanga ulikuwa bado haujaondoka kwenye majani ya migomba.

"Karani, weka sahihi hapa niende," Duke akasema.

Omwenga alitazama kilima, akatazama saa yake. "Jua limezama. Sabato imeingia. Siwezi kuandika kitu."

"Jua si liko pale? Huoni mwanga?"

"Huo ni mwanga tu. Jua lenyewe limeshaenda."

Mtu mwingine angeendelea kubishana, lakini katika mambo ya jua la Ijumaa hakuna aliyewahi kumshinda Omwenga. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa karani wa kanisa, na hakuna aliyemwona hata siku moja akigusa kalamu Sabato ikishaingia. Majina ya wageni wa Sabato aliyaweka kichwani mpaka Jumamosi jua litue, ndipo ayaandike, na hakuwahi kusahau jina. Duke ni Mkatoliki, ana watoto watano, na hakuwa tayari kulala njiani kwa sababu ya mabishano ya mbinguni. Aliiacha barua juu ya meza, akaandika mwenyewe kitabuni kwamba imefika na mpokeaji amekataa kusaini, akaipiga pikipiki teke akaenda zake.

Omwenga aliichukua bahasha kwa ncha za vidole. Aliuona muhuri wa kaunti juu yake. Akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo, akaenda nyumbani kufungua Sabato na mama yake na mkewe.

Sasa, barua za kaunti watu wa Riamachogu wanazijua. Mwaka ule kanisa lilikuwa limeletewa moja ya dawa ya minyoo, moja ya chanjo ya kuku, na mbili za kuchimba vyoo, kana kwamba watu hawa walikuwa hawajawahi kuchimba choo mpaka kaunti ilipozaliwa. Kwa hiyo Jumapili ilipofika, Omwenga hakukimbilia mtoto wa meza. Kulikuwa na kazi ya maana zaidi. Sabato iliyofuata makambi yangefunguliwa karibu na Ekerenyo, wiki nzima ya mahema na mahubiri, na karani ndiye wa kuandika majina ya familia, kugawa mahema na kupanga zamu za kupika. Mchana alipima majani chai kwenye kituo alikoajiriwa, jioni aliandika orodha. Barua ikalala.

Walihamia makambini. Na huko, Jumanne, katikati ya hubiri la saa tano, Omwenga aliikumbuka. Hakuna aliyemkumbusha, ufunguo ulimchoma pajani alipokaa vibaya kwenye benchi, basi. Alijua kutoka pale mpaka kanisani ni mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Angeweza kwenda na kurudi kabla ya ugali wa mchana. Akajiambia, "Ni ya minyoo tu," akafungua Biblia yake, akaendelea kumsikiliza mhubiri.

Jumanne si Sabato. Jumanne mtu anaweza kusoma barua mpaka macho yamwume, na hakuna amri hata moja inayomzuia. Hilo Omwenga alilijua siku ile, na alilijua vizuri zaidi baadaye.

Aliifungua Jumapili, makambi yalipokwisha. Ilikuwa ya kurasa mbili na ramani. Ilisema mji wa Riamachogu unatengenezewa mpango mpya wa matumizi ya ardhi. Mashamba yote yaliyo ndani ya mita mia mbili kutoka lami, kulia na kushoto, yangeacha kuwa ya kilimo na makazi na kuwa eneo la biashara. Katika eneo hilo watu hawangeruhusiwa kufuga ng'ombe, wala kujenga nyumba ya udongo, wala kuzika maiti. Wananchi wenye maoni wafike katika ukumbi wa chifu Alhamisi, saa nne asubuhi. Karani anaombwa awasomee waumini wake.

Alhamisi hiyo ilikuwa imepita siku tatu.

Omwenga alirudia maneno matatu, "wala kuzika maiti," mpaka herufi zikaanza kucheza. Kisha akaitazama ramani. Eneo la biashara lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, na boma lao lilikuwa ndani ya wekundu huo, si pembeni, katikati kabisa. Akavuta kiti, akakaa.

Mama yake, Bathsheba, alikuwa na miaka themanini na minne. Miaka miwili nyuma alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikafa, akawa mtu wa kitandani na wa kiti cha barazani. Mumewe, mzee Ogari, alizikwa upande wa kulia wa nyumba, kama Abagusii wanavyomzika mwanamume. Upande wa kushoto ni wa mke. Tangu siku alipomzika mumewe, Bathsheba alikuwa ameutunza upande ule wa kushoto. Hakuna aliyepanda maharagwe pale. Kuku akichakura pale alifukuzwa kwa fimbo. "Pale ni pangu," alisema, bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuonyesha kitanda alichotandikiwa.

Mtu wa mbali anaweza kusema udongo ni udongo. Amwambie hivyo mwanamke wa Kigusii aliyeolewa, akazaa, akalima, akamzika mume na kubaki bomani kwake miaka sitini. Mahali anapozikwa ndipo panaposema alikuwa mke wa nani. Akizikwa kwingine watu huuliza kwa sauti ya chini, "Kwani alikuwa amefukuzwa?" Na mpango mpya ulitaja makaburi ya umma, nyuma ya timbo la zamani la mawe, ambako mpaka leo wamelala watu wawili tu: kichaa mmoja wa sokoni na dereva wa lori ambaye watu wake hawakupatikana.

Omwenga aliirudisha barua ndani ya mtoto wa meza, akafunga.

Jumatatu asubuhi habari zilikuwa zimeenea. Kikao cha Alhamisi kilihudhuriwa na watu kumi na tisa, karibu wote wenye maduka na nyumba za ghorofa, na wote kumi na tisa waliukubali mpango. Makanisa mengine yalikuwa yamesoma barua zao Jumapili iliyotangulia, lakini watu wao wengi mashamba yao yako mbali na lami, wakaona hayawahusu. Waliohusika ni Wasabato, ambao babu zao walijenga karibu na barabara ili wawe karibu na kanisa, na siku ile Wasabato wote walikuwa chini ya mahema wakiimba. Asiyekuwepo na lake halipo.

Osoro, mzee wa kanisa, alimjia Omwenga kwenye kituo cha chai akihema. Osoro alikuwa amestaafu ukatibu wa chama cha ushirika, na hajawahi kukutana na kikao asichoweza kukigeuza. "Karani, hebu niambie. Kuna barua yoyote ililetwa kanisani?"

Hapo ndipo Omwenga angesema. Neno moja tu lilihitajika. Lakini wakulima walikuwa wamesimama foleni na magunia yao, mizani inangoja, na uso wa Osoro ulikuwa umejaa hasira ya mtu aliyeonewa. "Ngoja niangalie," Omwenga akasema.

Osoro hakungoja. Alikihesabu kile "ngoja niangalie" kuwa "hapana", akaondoka nacho. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unasema Wasabato walifichwa. Kufikia Ijumaa sahihi mia tatu zilikuwa zimekusanywa, kila mmoja akiandika kwamba hakuarifiwa. Na kila sahihi ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomkosesha Omwenga usingizi: watu mia tatu walikuwa wanasema kweli, na wote walikuwa wamesimama juu ya kimya chake.

Ofisi ya mipango ilijibu upesi. Ofisa angekuja Riamachogu Jumatano ya wiki iliyofuata. Ikithibitika kwamba kanisa halikupokea barua, kikao cha maoni kingeanza upya na wote wangesikilizwa. Ikithibitika kwamba ilipokelewa, mpango ungekwenda bunge la kaunti kama ulivyo. Osoro alikwenda Kisii kwa wakili, akarudi na hati ya kiapo iliyopigwa chapa vizuri. Iliandikwa kwa jina la Omwenga, mwana wa Ogari, karani, kwamba hakupokea barua yoyote ya kaunti katika mwezi ule. Kilichobaki ni sahihi yake, mbele ya watu.

Alimletea Jumanne alasiri, nyumbani. Walisimama kwenye migomba, mbali na baraza alipokaa Bathsheba.

Omwenga aliisoma hati mara mbili. "Mzee Osoro, kuna jambo—"

"Ndugu yangu," Osoro akamkata, kwa sauti ya chini, bila kumtazama machoni. "Mimi sikuulizi kuna nini ndani ya meza yako. Usiniambie. Mimi nina kaburi la baba yangu na la watoto wangu wawili ndani ya hiyo rangi nyekundu, na wewe una mama yako amekaa pale. Watu hawakusomewa barua. Huo si ukweli?"

"Ni ukweli."

"Basi. Kesho andika jina lako, turudi nyumbani."

Hapo Omwenga alijua kwamba Osoro anajua, na alijua kwamba Osoro hatasema kamwe. Njia ilikuwa imefagiliwa ikawa safi. Alichotakiwa ni kupita tu.

Jua halijatua, Duke naye akaja. Aliizima pikipiki kwenye geti na hakuingia. Omwenga akamfuata pale. Walikuwa wanajuana tangu zamani. Duke ndiye aliyempeleka Bathsheba hospitalini siku ya kiharusi, wamembana mama katikati yao juu ya pikipiki, mvua ikiwapiga.

"Omong'ina, mama yetu mzee, anaendeleaje?" Duke akauliza.

"Yuko. Anakula kidogo."

"Vizuri." Duke alipangusa tangi la pikipiki kwa kiganja. "Karani, ofisini wameniita. Wanasema kitabu changu hakina sahihi ya kanisa lenu, kina mwandiko wangu tu. Kesho wakiona barua haikufika, mimi ndiye nimewadanganya. Nitarudisha hii pikipiki, na kazi imeisha."

Omwenga aliegemea geti.

"Sijakuja kukuomba," Duke akasema. "Mama ni mama, mimi pia niko na wangu. Nataka tu kujua kesho nitamkuta nani pale mbele. Yule aliyekataa kushika kalamu kwa sababu mwanga si jua, ama mwingine."

Akaiwasha pikipiki, akaondoka.

Asubuhi ya Jumatano Kemuma, mkewe Omwenga, alimwogesha mama mkwe wake, akamvika nguo ya kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Bathsheba ndiye aliyeitaka. Omwenga alipokuja kuaga, mama alimwita karibu, akamwekea mkono wake mzima kichwani.

"Leo mnaenda kunipigania mahali pangu," akasema. Ulimi ulikuwa mzito tangu ugonjwa, lakini maneno yalitoka. "Nenda, mwanangu. Sema vizuri. Wewe ulisoma."

Ukumbi wa chifu ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari minne. Ofisa wa mipango aliitwa Linet, mwanamke kijana wa Magwagwa, mpole wa sauti, na ilionekana hakuwa amekuja kwa ubaya. Alieleza kwamba visima vitatu karibu na soko vimekutwa na maji machafu, kwamba mji ukikua bila mpango watoto ndio hulipa kwa magonjwa, na kwamba makaburi yaliyopo tayari hayatafukuliwa. Kisha akasema hicho sicho walichokuja kujadili leo. Swali la leo ni moja: barua ilifika kanisani au haikufika?

Duke aliitwa kwanza. Alionyesha kitabu chake, akasema aliifikisha Ijumaa jioni mkononi mwa karani, na karani akakataa kusaini. Watu wakaguna. Mtu fulani nyuma akasema tarishi huyu hujaza kitabu chake kwenye baa, wengine wakacheka. Duke alikifunga kitabu, akakaa chini.

Osoro akasimama, akazungumza kwa utaratibu kama mtu anayepanga mawe ya msingi. Alitaja sahihi mia tatu. Alitaja makaburi. Alitaja akina mama wazee ambao hata leo hawajui watalazwa wapi. Kisha akaiweka hati ya kiapo mezani, akaweka na kalamu juu yake, akasema, "Karani wetu yuko hapa. Riamachogu yote inamjua. Mtu huyu hajawahi kusema uongo."

Watu waliitikia, na wakamfanyia Omwenga njia.

Alitembea mpaka mezani. Aliishika kalamu. Mkono wake ndio ulioandika majina ya wote waliobatizwa kanisani kwa miaka ishirini na miwili. Aliwaza sentensi ile fupi ya hati. Aliwaza mama yake amekaa barazani na nguo ya kanisani. Na moyo wake wote ulitaka kuandika, msidanganywe na mtu atakayewaambia vingine. Alitaka kuandika kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Kisha akainua macho, akamwona Duke amekaa karibu na mlango, anatazama sakafu, tayari ameshakuwa mwongo mbele ya watu wote.

Omwenga aliilaza kalamu. "Barua ilifika," akasema.

Akamgeukia Duke.

"Tarishi amesema kweli. Aliileta Ijumaa, jua limetoka kuzama. Nilikataa kusaini kwa sababu Sabato ilikuwa imeingia. Niliifungia mezani. Iko pale mpaka sasa."

Linet aliandika, kisha akainua kichwa. "Na baada ya Sabato hiyo, mzee?"

"Tulianza kujiandaa kwa makambi," Omwenga akasema. "Tulirudi Jumapili, baada ya kikao."

Lilikuwa jibu la kweli, kama nguo yenye tundu ilivyo nguo. Linet alimtazama kidogo, labda akiona kuna kitu kimebaki, labda akimwonea huruma. Hakuuliza zaidi. Akasema barua ilifika siku kumi na tatu kabla ya kikao, muda ulikuwa wa kutosha, na kwa hivyo pingamizi limeanguka. Aliyasema kwa upole na yakaumiza vilevile.

Osoro aliikunja hati mara nne, akaitia mfukoni. Mama mmoja wa kwaya, aliyezika mume mwaka jana hatua chache kutoka lami, alimpita Omwenga mlangoni akasema, "Umetuzika sisi wote kwenye timbo," akaenda. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Duke alimngoja nje chini ya mti wa parachichi, akavua kofia yake ya pikipiki, akaivaa tena.

Omwenga alikwenda nyumbani kwa miguu. Mvua ya alasiri ilimkuta njiani na hakujikinga. Alikuwa ameamua, na njia nzima aliyapanga maneno: atamwambia mama yake kila kitu, barua, benchi la makambini, ufunguo, Jumanne. Ukweli wa ukumbini ulimtoka na kazi yake na jina lake vikabaki. Ule wa nyumbani ndio ungemgharimu, na alitaka kuulipa.

Bathsheba alikuwa angali barazani. Kemuma, ambaye simu ilikuwa imemfikia kabla ya mumewe, alimtazama Omwenga, akaingia jikoni.

"Wamekataa," mama akasema.

"Wamekataa, mama. Mpango unaendelea."

"Barua ilifika?"

"Ilifika. Duke aliniletea mimi."

Mama aligeuza kichwa. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mabati yakichimba mstari kwenye udongo mtupu wa upande wa kushoto wa nyumba. Alikuwa anautazama udongo ule.

"Walitaka useme haikufika."

"Walitaka."

"Na wewe ukakataa." Alivuta pumzi. Kisha Omwenga akaona jambo ambalo hakulitegemea hata kidogo: uso wa mama yake, upande ule mmoja uliokuwa bado unaweza, ulikuwa unatulia. "Nilikuwa nimekaa hapa namuuliza Mungu, kwa nini mimi? Miaka yote hii nimepatunza. Sasa nimejua. Ilikuja Sabato imeingia, na mwanangu hakuigusa. Nilikufundisha mimi mwenyewe, ukiwa mdogo, hata kijiti cha moto usiguse. Ni kwa ajili ya Sabato nimepapoteza. Kama ni kwa ajili yake, si hasara. Atanijua nilipo." Akamgeukia. "Ni kwa ajili ya Sabato, si ndiyo?"

Jumanne ilikuwa mdomoni mwa Omwenga. Alikuwa ameibeba kutoka ukumbini mpaka hapa. Ilikuwa na maneno machache tu, na mama yake alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu aliyepewa kitu cha kushika baada ya kunyang'anywa kila kitu.

"Ndiyo, mama," akasema.

Mbele ya watu mia mbili alikuwa ameushinda uongo. Mbele ya mmoja alishindwa, na mchana kweupe, na hakuna aliyekuwa amemwekea kalamu.

Bunge la kaunti liliupitisha mpango mwezi wa kumi na moja. Bathsheba hakutaka kungoja. "Sitaki kutolewa hapa nimelazwa," alisema. "Nitoeni nikiwa nimekaa." Cleophas, mdogo wake Omwenga, mwenye shamba la chai kule Itumbe, mbali na lami yoyote, alikodi gari akaja kumchukua. Kabla ya kuondoka mama aliomba asogezwe kwenye kaburi la mumewe. Alikaa pale peke yake kwenye kiti chake, akaongea na mzee Ogari maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Alipomaliza aliinua mkono, wakambeba.

Omwenga alikuwa anakwenda Itumbe kila Jumapili. Kila Jumapili alitoka nyumbani akiwa ameapa kwamba leo atasema. Na kila Jumapili alimkuta mama amezungukwa na wageni, majirani, akina mama wa kikundi cha Dorkas cha kanisani, anawahadithia habari za barua ile: jinsi jua lilivyozama, jinsi tarishi alivyobisha, jinsi mwanawe alivyoweka mkono nyuma. Alikuwa ameanza kuongeza vitu. Alikuwa anakula vizuri zaidi. Wageni walimtazama Omwenga kwa heshima, na yeye akaketi palepale akashika kikombe cha chai, akamngoja mama achoke, na mama hakuchoka.

Alifariki mwezi wa pili, asubuhi, usingizini. Walimzika upande wa kushoto wa nyumba ya Cleophas, na upande wa kulia hapakuwa na mtu, kwa sababu Cleophas mwenyewe angali hai. Watu walikuja wengi, hata kutoka Riamachogu. Osoro alikuja. Duke alikuja na pikipiki ya ofisi, akasimama nyuma.

Mchungaji alihubiri kwa ufupi, maana mawingu yalikuwa yamekaribia. Alisema mama huyu alikuwa na mahali pake kando ya mume wake, akapatoa sadaka ili siku ya Bwana isivunjwe, na kwamba Mungu ampe kila mzazi mwana mwaminifu kama Omwenga. Watu waliitikia amina. Omwenga alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, udongo wa mzaliwa wa kwanza ukiwa tayari mkononi mwake. Alifungua mdomo, na waliokuwa karibu walidhani anataka kusema jambo.

"Amina," akasema, akautupa udongo.